Dar es Salaam kwa Siku Moja: Mwongozo wa Mtu wa Mpanda

Mtu wa Morogoro siku hizi ana raha yake. Anaamka, anakunywa chai, anapanda ile treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, na kabla ya saa nne asubuhi yuko Kariakoo anabishania bei ya viatu. Jioni anakula kwake. Akiulizwa alikuwa wapi, anajibu, "Nilitoka kidogo." Mtu wa Kibaha hata hasemi kwamba alitoka.

Mwongozo huu hauwahusu hao. Wao wanajiweza. Unamhusu mkazi wa Mpanda, na kwa jumla kila mtu wa Mkoa wa Katavi aliyesikia kwamba wenzake huenda jiji kubwa na kurudi siku hiyo hiyo, akaona haya kuachwa nyuma.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo mchawi wetu. Tanzania ina majiji sita: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, na Dodoma iliyopandishwa hadhi mwaka 2018. Lililo karibu nasi kwa barabara ni Mbeya. Unashuka Sumbawanga, unaendelea hadi Tunduma, unakata kushoto, na ukifika umeshamaliza zaidi ya kilomita 550. Kwenda na kurudi siku moja? Inawezekana, kwa mtu ambaye shida yake jijini ni kunawa uso stendi na kugeuza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ya hesabu: siku moja jijini ni siku moja *jijini*. Siku za kwenda hazimo, za kurudi hazimo, na ile ya kulala kitandani ili mgongo urudi mahali pake haimo pia. Maofisini Mpanda kanuni hii inaeleweka vizuri. Ukimwandikia mkuu wako kwamba unaomba ruhusa ya siku moja kwenda Dar es Salaam, atasoma, atatikisa kichwa, kisha ataanza kumtafuta atakayekushikia nafasi wiki nzima.

Na iwe Dar es Salaam. Kama ni kuchoka, tuchokee kwenye jiji lenyewe.

Usafiri upo wa namna tatu. Kuna treni. Reli yetu ni tawi linalochomoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, likakata pori kwa kilomita zipatazo 210 hadi Mpanda, likaishia hapo. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, na usijidanganye kwamba walikuwa wanaiwazia safari yako. Walikuwa wanayawazia madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa huku. Yaani risasi ya Mpanda ilianza kwenda pwani kabla ya babu yako, tena ilipewa behewa zima bila kusukumana na mtu. Wewe utabanana, utapita Katumba, utavuka Mto Ugalla, utafika Tabora, na hapo utasubiri kuunganishwa na treni ya kwenda Dar. Uzuri wa treni ni kwamba baada ya muda hakuna anayeuliza ni saa ngapi. Watu wanauliza ni siku gani.

Kuna basi. Hapa tumepiga hatua kubwa na ni vizuri tuseme. Barabara ya Tabora, ile ya kupitia Inyonga na Sikonge, sasa ni lami, na wazee waliokula vumbi la Koga wanakiona kizazi hiki kama kimedekezwa. Isitoshe, tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Zamani basi la Mpanda lilikuwa linalala njiani kwa amri ya serikali. Sasa dereva anaendelea na safari, anayelala ni wewe, kwenye bega la mtu usiyemjua. Kilomita ni kama 1,200. Ukiwa na bahati mwenye bega naye atakuwa amelala.

Na kuna ndege. Uwanja tunao, na ndege inatua. Tatizo la ndege ni nauli, na tatizo la pili ni kwamba ndege ina siku zake, nawe una siku zako, na hizo mbili zikikutana ni sherehe. Hapa nikatize kidogo. Kule kusini kwetu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kuna kiwanja kidogo cha Ikuu. Mtalii anatoka kwao Ulaya, anaingia Arusha, anapanda kindege, anashushwa Ikuu katikati ya viboko, anapiga picha, anaondoka. Ukilinganisha saa zake zote za angani na zako za basi, huenda yeye aliifikia Katavi kwa muda mfupi kuliko wewe ulivyoifikia stendi ya Mbezi, Dar es Salaam. Yeye anaita kwetu mbali. Sisi hatuna neno.

Sasa mzigo. Usiondoke mikono mitupu, hata kama umeapa kwamba safari hii utakuwa mwepesi. Ndugu wa Dar es Salaam hasemi anataka nini, anauliza tu, "Na huko Karema samaki wanapatikana?" Hilo si swali. Mfungie migebuka mikavu. Mwekee asali ya Inyonga kwenye dumu, mfuniko uufunge kwa nailoni, kisha uufunge tena, maana asali nayo ina hamu ya kusafiri. Ongeza mchele wa Mpimbwe, kilo chache. Konda atalalamika harufu ya samaki. Mpe mmoja.

Ndugu mwenyewe haishi Posta. Sijui nani alipanga hivyo, lakini ndugu wa mtu wa Mpanda huishi Chanika, au Mbagala kule mbele ya Rangi Tatu, au mahali ambapo daladala inageuzia, na anakuelekeza kwa maneno, "Ni karibu tu, ukishuka uliza." Ukienda kwake siku yako imekwisha. Usipokwenda, miaka mitatu ijayo kwenye msiba wa familia utasikia mtu akisema kwa sauti ya upole, "Huyu alikuja mjini hakufika kwetu." Suluhisho ni kumwita yeye aje Mbezi kupokea samaki. Mgebuka ni balozi mzuri. Ukimfikisha mikononi mwa ndugu, wewe mwenyewe unaweza kusamehewa.

Tumefika kwenye kiini cha safari, yaani maagizo.

Habari kwamba unakwenda Dar huwa inatangulia mbele yako. Hujamwambia mtu, umekata tiketi tu, lakini ukirudi nyumbani unakuta jirani ameketi barazani na karatasi. Watu wa maagizo wako wa aina nyingi, na mwongozo wowote usiowachambua ni wa kupuuzwa.

Yupo anayekupa fedha taslimu, kamili, pamoja na jina la duka. Huyu ni wa kuombewa maisha marefu. Yupo anayesema, "Nunua tu, nitakurushia kwenye simu." Utanunua. Simu yake itakuwa haipatikani kuanzia saa nne asubuhi hadi siku utakaporudi, na mkikutana atashangaa: "Kumbe ulinunua? Mimi nilijua hukupata!" Yupo wa "ukiona". Ukiona viatu vizuri, namba 41. Ukiona betri ya simu hii, ambayo kiwanda chake kilishaacha kuitengeneza. Ukiona pazia. Kwa huyu jibu ni fupi: hukuona. Ulifumba macho Dar nzima.

Yupo fundi pikipiki. Anakupa kipande cha chuma kilichovunjika, kimefungwa kwenye gazeti, kina grisi. "Waambie wakupe kama hiki, ila kizima." Usibishe, kibebe. Ukifika Gerezani au Shaurimoyo mwonyeshe muuza spea yeyote. Atakitazama kwa sekunde moja, ataenda nyuma, atarudi nacho kizima. Ni agizo pekee litakalotimia bila matatizo, na limetolewa na mtu ambaye hakuandika hata neno moja.

Lakini jihadhari na kamati ya harusi. Mwenyekiti wao atakukabidhi kipande cha kitenge kisichozidi kiganja, atakwambia wanataka pisi kadhaa za kitenge hiki hiki, rangi hii hii, maana wanawake wa upande wa bwana harusi wameshashona. "Mtaa wa Kongo vimejaa," atasema, kwa uhakika wa mtu ambaye hatatembea yeye. Kweli vimejaa. Utakiona chenye ua lile lile kwenye samawati. Utakiona chenye rangi ile ile na samaki badala ya ua. Utakiona chenyewe kabisa, kimevaliwa na mama anayeuza maji, na utamfuata mitaa miwili kumuuliza alikinunua wapi, naye atajibu: "Hiki? Nililetewa na dada yangu, yuko Mpanda."

Hapo ndipo mtu makini hujiuliza swali ambalo kamati haikutaka kulisikia. Wafanyabiashara wa Mpanda wanakwenda Kariakoo kila mara. Wanaleta vitenge, mapazia, viatu namba 41, majagi ya blenda na nyaya za simu, wanavipanga madukani pale karibu na soko, na wanaviongezea bei kidogo kwa ajili ya nauli na mgongo wao. Tofauti yenyewe aghalabu haitoshi hata soda na chapati za njiani. Lakini kitu kilichotoka dukani Mpanda ni kitu tu. Kitu kilichotoka Dar na mtu tunayemfahamu kina heshima yake, hata kama kiwanda, boksi na rangi ni vile vile. Usijaribu kuwaeleza watu hili siku ya kuondoka. Hutaeleweka, na karatasi zitaongezeka.

Basi linakushusha Mbezi Luis, kwenye kituo kikuu kilichofunguliwa 2021. Kama ni alfajiri, umepata siku nzima. Hatua mia za kwanza ndizo ngumu. Utaitwa braza, anko, mzee, bosi na mchungaji, na kila anayekuita ameshashika mfuko wako. Kila mmoja anajua unakokwenda kabla hujasema. Dawa ni kutembea kwa kasi ya mtu anayedaiwa, macho mbele, na ukiulizwa "Wapi hiyo?" jibu "Nimefika." Wataduwaa kidogo, nawe utakuwa umepita.

Kuhusu kushangaa maghorofa, washauri wengi husema usiangalie juu. Ushauri huo umepitwa na wakati. Angalia juu unavyotaka, ila ukiwa umekaa, na mfuko uko mapajani. Hatari ya leo ni kuangalia chini, kwenye simu, ukiwa ukingoni mwa barabara. Pikipiki ikipita, unabaki na kiganja. Simu ya bei poa nayo iache. Mtu atakuonyesha simu nzuri kweli, utaishika, itawaka, ataifunga vizuri kwenye mfuko, na ukifungua Dodoma utakuta kipande cha sabuni ya kufulia. Vilevile usiokote bahasha. Bahasha nene ikianguka mbele yako Kariakoo, na kijana asiyekujua akakunong'oneza mgawane, jua kwamba hela pekee iliyopo kwenye biashara hiyo ni ile iliyo kwenye soksi yako.

Kisha utaulizwa. Popote utakapofungua mdomo, dukani, kwa mama lishe, kwenye mwendokasi, utaulizwa unatoka wapi, na ukisema Mpanda utaona uso wa mtu ukizunguka ramani ya nchi bila kupata pa kutua. "Mpanda... si Kigoma hiyo?" Mwingine: "Rukwa!" Huyu msamehe, tulikuwa Rukwa kweli, mkoa wetu ulizaliwa 2012, na watu wengi shule walimaliza kabla. Mwenye kumbukumbu atasema, "Kwa Pinda!" Mpe mkono. Mizengo Pinda alikuwa Waziri Mkuu tangu 2008 hadi 2015, na kwa miaka hiyo Kibaoni kwao ilikuwa kwenye taarifa ya habari kuliko miji mingi yenye maghorofa.

Usipoteze muda kuwarekebisha wote. Wewe una siku moja. Ukibanwa sana, sema "tunaishi na viboko" na uwaache na hilo. Si uongo: kiangazi, Mto Katuma ukibaki matope, viboko wanasongamana kwenye madimbwi mpaka hujui huyu anaishia wapi na mwenzake anaanzia wapi. Mtu aliyeona hilo, halafu akaona kituo cha mwendokasi Gerezani saa kumi na moja jioni, hahitaji kuelezewa Dar es Salaam.

Sababu rasmi ya safari, kama ilikuwepo, itakuwa ofisini. Cheti, barua, muhuri, jina lililokosewa herufi moja miaka kumi na tano iliyopita. Sitaji ofisi gani, kwa kuwa kila msomaji anayo yake. Fika mapema, salimia vizuri, na ujiandae kwa mazungumzo haya:

"Umetoka wapi, baba?"

"Mpanda."

"Mpanda! Mbali kote huko? Si ungetuma kwa mtandao?"

"Mtandao uliniambia nifike ofisini."

"Aa. Basi mhusika ametoka kidogo. Njoo kesho."

Zingatia usawa uliomo katika neno hilo. Kesho ile ile anapewa mtu wa Magomeni, ambaye atarudi kwa miguu, na anapewa mtu wa Katavi. Hakuna upendeleo. Ushauri wangu ni kwamba usiondoke. Keti kwenye benchi, toa chupa yako ya maji, na kila karani akipita msimulie kwa utulivu ulivyolala Tabora. Mara nyingi mhusika aliyetoka kidogo huonekana kufikia saa sita, wala haonekani kama mtu aliyetoka nje. Wanaokwenda kwa matibabu Muhimbili au kwingineko mwongozo huu hauwagusi. Hao hawaendi kufaidi jiji, na siku moja haijawahi kuwatosha.

Ukinusurika na ofisi na Kariakoo ukabakiwa na saa moja, nenda Feri. Acha Coco Beach, ni mbali na foleni haitakuruhusu. Pale Feri unapanda pantoni ya Kigamboni kwa nauli ndogo kuliko ya daladala, unakwenda ng'ambo, unageuza nayo. Umepanda chombo baharini, umepigwa na upepo, umeona meli kubwa, na imekugharimu kama nusu saa. Hakuna mtalii atakayepata bahari kwa bei hiyo. Onja maji ukitaka, lakini usijifanye umeshtuka sana. Sisi tuna Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470 hivi kwenda chini, na maji yake hayana chumvi. Ukimwambia mtu wa Kigamboni hayo hataamini. Mwache, bahari aliikuta hapo hapo.

Kisha rudi Mbezi, na uanze kurudi saa tisa alasiri. Hapana, saa nane. Foleni ya jioni haimjui mgeni wala mwenyeji, na basi la usiku halimsubiri mtu aliyekwama Ubungo. Tiketi ya kurudi uwe umeikata asubuhi ile ile uliyofika, dirishani, kabla hujanunua hata karanga. Huu ndio ushauri pekee humu ninaousimamia bila mzaha.

Kuna jambo moja la pembeni, na linatuhusu sisi wenye kulalamika. Mtu wa Karema anayekuja Mpanda kwa siku moja anatoka zaidi ya kilomita mia, na yule wa Mishamo naye vivyo hivyo. Naye amebeba karatasi ya maagizo. Naye ana kipande cha chuma kwenye gazeti. Anashuka stendi yetu na anaitwa anko na watu watano kwa mpigo, anaingia ofisini kwetu na tunamwambia mtandao uko chini, aje kesho. Jioni tunamwona akikimbilia gari la mwisho na ndoo kichwani, tunacheka kidogo, tunasema hawa watu wa ziwani nao wana haraka. Ukimkuta huyo dirishani kwako kesho asubuhi, mhudumie leo yake.

Basi, safari njema. Na kama kweli unaondoka wiki ijayo, pita kwangu kabla hujakwenda stendi. Sina shida kubwa. Ni jagi la blenda tu, lile lenye kifuniko cheusi, na miwani ya kusomea kama utaiona. Fedha nitakurushia kwenye simu.